JE, DAWA ILIYOMWAGWA MAJINI HUOZA?

Ndugu msomaji, ukitupa ganda la ndizi shambani leo, baada ya wiki chache hulioni tena. Limeoza. Limegeuka kuwa udongo. Ukitupa kipande cha nailoni pahali hapo hapo, mwakani utakikuta. Mvua itanyesha, jua litawaka, jembe litapita, nacho bado kipo.

Habari ya ganda na nailoni unaijua kwa macho yako. Lakini je, sabuni ya unga unayofulia nguo? Je, dawa ya kuua wadudu wa pamba? Je, dawa ya kuogeshea ng'ombe? Vitu hivi navyo humwagika. Mvua huvisukuma mpaka mtoni, bwawani au kisimani. Vikichanganyika na maji hatuvioni tena. Hapo watu wengi husema, "Imekwisha."

Tia chumvi katika uji, kisha koroga. Huioni, lakini ipo. Ulimi wako unaijua. Bahati mbaya, dawa nyingi ulimi hauzijui. Unaweza kunywa maji yenye dawa na usisikie ladha yo yote.

Leo tutajifunza jinsi wataalamu wanavyopima kama dawa huoza upesi katika maji baridi. Maji baridi ni maji yasiyo ya chumvi, kama yale ya mito, maziwa, mabwawa na visima. Kisha tutaona jambo hili linatuhusu nini sisi tunaochota maji hayo kila siku.

KUOZA NI KULIWA

Kitu hakiozi chenyewe. Huozeshwa. Wanaokiozesha ni vijidudu vidogo sana ambavyo macho yetu hayawezi kuviona bila darubini ya maabara. Vijidudu hivyo vimo katika udongo, katika samadi, katika matope na katika maji ya mto.

Tukisikia neno vijidudu, tunafikiri magonjwa. Ni kweli, viko vijidudu vinavyoleta kipindupindu na kuhara. Lakini vilivyo vingi havitudhuru. Hivyo ni wafanyakazi wetu. Bila hivyo, majani yote yaliyoanguka tangu zamani yangekuwa bado yamelala mashambani mwetu.

Vijidudu hivyo hula kama sisi tunavyokula. Wewe ukila ugali, mwili wako hutumia chakula hicho pamoja na hewa ya oksijeni unayoivuta. Halafu unatoa pumzi yenye hewa nyingine, iitwayo kaboni dayoksaidi. Vijidudu vilivyo majini hufanya vivyo hivyo. Hula kitu, hutumia oksijeni iliyomo majini, na hutoa kaboni dayoksaidi.

Shika neno hili, maana ndilo msingi wa kipimo chote: kijidudu kikila, oksijeni hupungua. Kisipokula, oksijeni hubaki.

POVU LILILOKAA MITONI

Kwa nini watu walianza kupima? Walianza kwa sababu walipata taabu.

Katika miaka ya 1950 viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinatengeneza sabuni mpya za unga. Zilifua vizuri, na watu wakazinunua kwa wingi. Baada ya muda mito ya Uingereza na Ujerumani Magharibi ikaanza kujaa povu. Maji ya kufulia yaliyotoka majumbani yalipita katika mitambo ya kusafishia maji machafu, lakini povu halikwisha. Penye maporomoko lilipanda juu kama pamba iliyovunwa.

Wataalamu walichunguza, wakaona sababu. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zilizoungana, mfano wa mnyororo. Mnyororo wa sabuni ile ulikuwa na matawi mengi. Fikiria mtoto anayekula muwa. Huanza mwisho mmoja, akatafuna pingili kwa pingili mpaka akamaliza. Sasa mpe tawi lenye miiba kila upande. Atalitafuna wapi? Vijidudu navyo vilishindwa namna hiyo.

Mwaka 1961 Ujerumani Magharibi ilitunga sheria kwamba sabuni za namna hiyo ni lazima ziweze kuoza. Sheria hiyo ilianza kufanya kazi mwaka 1964. Viwanda vikabadili mnyororo, vikaufanya ulionyooka kama muwa. Huko Marekani viwanda vilibadili mwaka 1965. Povu likapungua mitoni.

Somo la povu ni hili: kitu kinaweza kuwa kizuri kwa kazi yake, na bado kikawa kigumu kuoza. Hatuwezi kukijua kwa kukitazama. Ni lazima kipimwe.

ZIWA AMBALO NDEGE WALIKUFA

Povu linaonekana. Liko jambo baya zaidi, nalo ni sumu isiyoonekana.

Huko California, Marekani, liko ziwa liitwalo Clear Lake. Hapo waliruka wadudu wadogo wengi sana, jamaa ya wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Hawakuuma, lakini waliwasumbua watu. Mwaka 1949 watu wakatia ziwani dawa iitwayo DDD, ambayo ni ndugu wa DDT. Wadudu walipungua, halafu wakarudi. Dawa ikatiwa tena mwaka 1954 na mwaka 1957.

Dawa iliyotiwa ilikuwa kidogo mno. Ilikuwa kama sehemu 2 tu katika sehemu milioni 100 za maji. Watu walidhani kiasi hicho hakiwezi kumdhuru mtu wala mnyama. Lakini tangu mwaka 1954 ndege wazamiaji, wale wanaokula samaki, walianza kuonekana wamekufa. Walipopimwa, mafuta ya miili yao yalikutwa na dawa ile hadi sehemu 1,600 katika kila sehemu milioni. Ukipiga hesabu, hiyo ni mara 80,000 zaidi ya iliyokuwamo majini.

Ilipandaje hivyo? Dawa ile haikuoza. Iliingia katika vimelea vidogo vya majini, ikakaa. Samaki wadogo wakala vimelea vingi. Samaki wakubwa wakala samaki wadogo wengi. Ndege wakala samaki wakubwa wengi. Kila mlaji alibeba mzigo wa wale aliowala.

Ndugu msomaji, mlaji wa mwisho wa samaki katika vijiji vyetu ni nani? Ni wewe, mimi, na watoto wetu. Ndiyo sababu habari ya dawa isiyooza ni habari ya afya.

Mwaka 2001 nchi nyingi zilipatana huko Stockholm, Sweden, kuhusu dawa zinazokaa muda mrefu bila kuoza. Baadhi zilikatazwa kabisa. DDT iliruhusiwa kwa kazi moja tu, nayo ni kuua wadudu wanaoeneza magonjwa, kama mbu wa malaria. Tanzania imo katika mapatano hayo.

KIPIMO KINAVYOFANYWA

Sasa tuingie maabara tuone kazi yenyewe. Njia zinazofuatwa zilitolewa mwaka 1981 na shirika la nchi zenye viwanda liitwalo OECD, zikarekebishwa mwaka 1992. Njia ziko sita. Nitakueleza moja iliyo rahisi kuelewa, yaani njia ya chupa zilizofungwa.

Hatua ya kwanza: Mpimaji hutayarisha maji safi. Humo hutia chumvichumvi kidogo ambazo vijidudu huzihitaji. Hatii chakula kingine cho chote.

Hatua ya pili: Huyapa maji hayo hewa mpaka yashibe oksijeni. Lita moja ya maji iliyoshiba huwa na oksijeni kama miligramu 9. Ni kidogo sana, maana gramu moja ina miligramu 1,000.

Hatua ya tatu: Hutia matone machache ya maji yenye vijidudu. Maji hayo hutoka mtoni, au katika mtambo wa kusafishia maji machafu.

Hatua ya nne: Hutia dawa anayotaka kuipima. Hutia kidogo tu. Sasa vijidudu vimo katika chupa, na chakula kilichopo ni hiyo dawa peke yake. Wakiweza kuila, watakula. Wasipoweza, watashinda na njaa.

Hatua ya tano: Hujaza chupa mpaka juu, akazifunga pasibaki hewa ndani. Huziweka gizani, katika joto la digrii 20 hivi. Kwa nini gizani? Kwa sababu mimea midogo ya majini ikipata mwanga hutengeneza oksijeni. Hiyo ingeharibu hesabu.

Hatua ya sita: Hufungua chupa kwa zamu, siku baada ya siku, hadi siku ya 28. Kila anapofungua hupima oksijeni iliyobaki.

CHUPA ZA MASHAHIDI

Mtu mwenye busara hasikilizi upande mmoja. Mpimaji naye huweka chupa nyingine ziwe mashahidi.

Chupa ya kwanza ya ushahidi haina dawa. Ina maji na vijidudu tu. Hii huonyesha vijidudu vinatumia oksijeni kiasi gani hata bila kupewa dawa.

Chupa ya pili ina kitu kinachojulikana kuwa huoza upesi, kwa mfano chumvi inayotokana na siki. Ikiwa hata hiki hakikuoza katika siku 14 za mwanzo, basi vijidudu vyenyewe ni vibovu. Kipimo hutupwa, na kazi huanza upya.

Chupa ya tatu ina vyote viwili, yaani dawa pamoja na kile kinachooza upesi. Ikiwa katika chupa hii hakuna kilichooza, tunajua kwamba dawa imewaua wale vijidudu au imewazuia kufanya kazi.

TUPIGE HESABU

Chukua karatasi na kalamu, tufanye mfano huu pamoja. Tuseme dawa iliyotiwa katika lita moja, kama ingeliwa yote, ingehitaji oksijeni miligramu 8.

Katika chupa yenye dawa, oksijeni iliyotumika ni miligramu 7.
Katika chupa isiyo na dawa, oksijeni iliyotumika ni miligramu 1.
Toa: 7 – 1 = 6.

Kwa hiyo miligramu 6 ndizo zilizotumika kuila dawa. Sasa gawa 6 kwa 8, halafu zidisha kwa 100. Utapata 75. Maana yake, katika kila sehemu 100 za dawa, sehemu 75 zimekwisha kuliwa.

Je, dawa hiyo imefaulu? Kwa kipimo hiki dawa hufaulu ikifikia 60 katika 100 ndani ya siku 28. Lakini liko sharti jingine. Kuoza kukishaanza, yaani kukifika 10 katika 100, kwa kawaida ni lazima kufike 60 katika siku 10 zinazofuata. Haitoshi kujivuta pole pole mpaka mwisho. Ikitimiza masharti hayo, huitwa dawa inayooza upesi. Mfano wetu umevuka 60. Ikiwa ulitimiza na zile siku 10, umefaulu.

Labda utauliza, kwa nini 60 wala siyo 100? Kwa sababu vijidudu havitumii chakula chote kwa nguvu ya siku ile. Sehemu nyingine hujengea miili yao na kuzaana. Wewe nawe chakula chako chote hakiishii katika kulima. Kingine hugeuka nyama ya mwili. Kwa hiyo 60 katika kipimo hiki ni dalili njema kwamba kitu kinaliwa kweli.

Na dawa ikishindwa? Kushindwa hakuna maana kwamba haitaoza milele. Kipimo hiki kimefanywa kigumu makusudi. Vijidudu ni vichache, na siku siyo nyingi. Dawa iliyoshindwa hupelekwa katika vipimo vingine vya muda mrefu zaidi. Lakini mpaka hapo hatuna ruhusa ya kuiamini.

KUOZA UPESI SIYO KUWA SALAMA

Hapa, ndugu msomaji, naomba usome pole pole. Watu wengi wakisikia dawa huoza upesi, hudhani ni salama kumwaga mtoni. Sivyo. Yako mambo matatu.

Jambo la kwanza: dawa inaweza kuua kabla haijaoza. Unajua zao la pareto linalolimwa katika nyanda za juu. Dawa ya pareto huharibika upesi ikipigwa na jua. Lakini kwa samaki ni sumu kali. Dawa zilizotengenezwa kwa kuiga pareto ndizo zinazotiwa katika vyandarua vyetu. Chandarua hicho humkinga mtoto na malaria, nacho ni kizuri sana. Ila usikifue mtoni wala ziwani. Kifue katika beseni kwa sabuni ya kawaida, na maji yake uyamwage chooni au katika shimo lililo mbali na kisima. Kisha kianike kivulini.

Jambo la pili: kitu kinachooza kinaweza kumaliza oksijeni ya mto. Maji yanayotoka katika kumenya na kuosha kahawa hayana sumu kama ya dawa ya wadudu. Makapi ya mkonge nayo ni majani tu. Vitu hivi huoza vizuri. Lakini vikitiwa kwa wingi katika mto mdogo, vijidudu hufurahia karamu, huzaana, na kutumia oksijeni yote. Samaki hukosa pumzi. Hufa kama mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku. Ndiyo maana maji machafu hupimwa kwa siku 5 ili kujua yatakula oksijeni kiasi gani. Kipimo hicho cha siku 5 kilianza Uingereza, na mwaka 1912 tume ya serikali ya huko ilikitumia kuweka kiwango cha maji machafu yanayoruhusiwa kuingia mitoni.

Jambo la tatu: chupa ya maabara siyo bwawa la kijiji. Katika chupa mlikuwa na oksijeni. Chini ya bwawa, ndani ya matope meusi yanayonuka, oksijeni hakuna. Hata ile sabuni ya mnyororo ulionyooka, ambayo huliwa vizuri penye oksijeni, ndani ya matope kama hayo haioza kwa urahisi.

Vipo pia vitu ambavyo havitaoza kamwe. Zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu ni madini. Kijidudu hakiwezi kuila ikaisha. Tena katika matope viko vijidudu vinavyoigeuza kuwa sumu mbaya zaidi, inayoingia katika samaki. Zebaki ikishaingia mtoni, imeingia.

"JE, NIKIYACHEMSHA?"

Mama mmoja aliniuliza hapa zahanati: "Mganga, vijana wameosha bomba la kupulizia dawa ya pamba pale tunapochota maji. Nikiyachemsha, si yatafaa?"

Ni swali la mtu aliyesikiliza mafundisho yetu. Sisi wenyewe tunawaambia kila siku, chemsheni maji ya kunywa. Jibu ni hili: kuchemsha huua vijidudu vya magonjwa, lakini hakuondoi dawa ya wadudu. Maji yakipungua sufuriani kwa mvuke, dawa inayobaki inaweza hata kuzidi ukali. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii pia, maana dawa iliyoyeyuka hupita pamoja na maji.

Maji yaliyotiwa dawa hayasafishiki jikoni. Ni lazima tuyalinde kabla hayajaingiwa. Mama yule alichota penginepo siku zile, na habari ikapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Hivyo ndivyo inavyofaa.

USIVUE SAMAKI KWA SUMU

Wako watu wanaotia dawa ya mimea majini ili kupata samaki kwa urahisi. Huu ni uovu wa mara nne. Huua samaki wadogo wa kesho. Huharibu maji ya kunywa. Huweza kumdhuru anayekula samaki hao. Na huharibu biashara ya nchi nzima. Mwaka 1999 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilisimamisha kununua samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Wavuvi waaminifu na wafanyakazi wa viwanda vya samaki katika Uganda, Kenya na Tanzania walipata hasara kwa kosa la wengine.

Ukiona samaki wengi wanaelea wamekufa, usiwaokote, hata kama bado ni wabichi. Usiwape hata kuku wala mbwa. Zuia watu wasichote maji pale. Toa habari upesi kwa serikali ya kijiji, kwa Bwana Afya na kwa Bwana Samaki.

MAMBO YA KUFANYA KIJIJINI

Sisi hatuna maabara. Lakini yako mambo tunayoweza kuyafanya tangu kesho.

1. Kabla ya kununua dawa, muulize Bwana Shamba: "Je, hii huoza upesi? Je, inadhuru samaki?" Nunua kiasi cha kutosha msimu mmoja tu, ili usiwe na dawa ya kumwaga.

2. Soma karatasi iliyo juu ya chupa. Sasa unajua kusoma, basi tumia elimu yako. Dawa nyingi zina mstari wa rangi. Nyekundu ni sumu kali zaidi kwa mtu, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Lakini angalia: rangi hiyo husema habari ya mtu tu. Haisemi kama dawa inadhuru samaki, wala kama inaoza.

3. Usichanganye dawa karibu na kisima, mto au bwawa. Chota maji kwa ndoo, nenda nayo shambani, changanya huko huko.

4. Usioshe bomba la dawa mtoni. Lisuuze shambani, na maji ya kusuuzia uyapulizie katika shamba lile lile.

5. Chupa au kopo la dawa likiisha, lisuuze mara tatu. Maji yake yatie katika bomba, uyapulizie shambani. Kisha litoboe ili mtu ye yote asilitumie. Usiweke ndani yake maji, mafuta ya kula, maziwa wala pombe. Usilichome moto, maana moshi wake ni sumu. Muulize Bwana Shamba pahali pa kulipeleka.

6. Maji ya josho yasiachiwe kutiririka kuelekea mtoni. Kamati ya josho ihakikishe hilo kabla ya mvua.

7. Fulia nguo mbali na pahali pa kuchota maji, upande wa chini maji yanakoelekea. Chota, fulia pembeni, na maji ya povu uyamwage ardhini. Udongo wa juu una vijidudu vingi na hewa ya kutosha, nao utakusaidia kuyaozesha.

8. Mtu akinywa dawa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mpeleke zahanati mara moja, pamoja na chupa au karatasi yake. Dawa ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni.

JARIBIO LA KISOMO

Wanakisomo wanaweza kuona kuoza kwa macho yao bila kugusa dawa yo yote. Chimbeni mashimo manne ya kina cha kiganja katika udongo wenye unyevu. La kwanza litieni ganda la ndizi. La pili jani la muhindi. La tatu kipande cha kitambaa cha pamba. La nne kipande cha nailoni. Fukieni, na wekeni kijiti penye kila shimo. Yanyunyizieni maji wakati wa kiangazi.

Baada ya siku 14 fukueni mtazame. Fukieni tena, mtazame siku ya 28. Andikeni mlichokiona katika daftari, pamoja na tarehe. Jambo hilo hilo ndilo linalofanyika maabara. Tofauti ni kwamba wao hupima oksijeni, nanyi mnapima kwa macho. Onyo: msijaribu kwa dawa ya wadudu, hata kidogo.

MANENO MAPYA

Maji baridi – maji ya mto, ziwa, bwawa au kisima, yasiyo ya chumvi.
Oksijeni – hewa ambayo watu, samaki na vijidudu vingi huihitaji ili waishi.
Kuoza – kuliwa na vijidudu mpaka kitu kikageuka vitu vingine vilivyo rahisi.
Maabara – nyumba ya kufanyia vipimo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mpimaji huweka chupa moja isiyo na dawa?
2. Kwa nini chupa huwekwa gizani?
3. Katika chupa yenye dawa zimetumika miligramu 5 za oksijeni. Katika chupa isiyo na dawa imetumika miligramu 1. Dawa yote ingehitaji miligramu 8. Je, ni sehemu ngapi katika 100 zilizoliwa? Je, imefikia 60?
4. Toeni mfano wa kitu kinachooza upesi lakini kinaweza kuua samaki.
5. Katika kijiji chenu, bomba la dawa huoshwa wapi? Nani atasimamia lioshwe shambani?

Swali la tano ndilo kubwa. Msiondoke darasani kabla hamjataja jina la mtu atakayesimamia.